Siri Iliyolindwa Uwanjani

Ilikuwapo nchi ikiitwa Utulivani. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, kwa sababu Idara ya Ramani iliiuza ramani yenyewe mtandaoni kwa bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa mtoto wa mfalme, na malipo yake yanasubiriwa mpaka leo. Kwa hiyo nasimulia bila ramani. Anayetaka kujua nchi hiyo ilikuwa upande gani aangalie tu pale alipokaa, huenda akabahatisha.

Watu wa Utulivani walikuwa na adabu, na adabu yao kubwa ilikuwa salamu. Mtu akikupigia simu ni lazima aulize umeamkaje, watoto hawajambo, mgonjwa wako anaendeleaje, mvua huko kwenu imenyesha au imetishia tu. Nawe ni lazima ujibu yote na umrudishie yote, ndipo mfike kwenye lililomfanya apige. Kumkatia mtu simu kabla salamu hazijaisha kulihesabiwa kuwa ukatili, sawa na kumfungia mgeni mlango usoni. Matapeli waliligundua hili mapema, wakajifunza kusalimia. Walisalimia vizuri kuliko wakwe. Waliulizia mpaka habari za kuku, na mtu alipomaliza kueleza habari za kuku alikuwa ameshataja namba yake ya siri, kwani angewezaje kumnyima mtu aliyemjali kiasi kile?

Bi Sikudhani, mpambaji wa maharusi wa mtaa wa Kisimani, hakuwa wa aina hiyo. Namba yake ya simu ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wake, chini ya mchoro wa mkono uliopakwa hina, na simu ilikuwa ikiita kutwa. Alikuwa akipokea kwa neno moja tu: "Sema." Ukianza kumwuliza ameamkaje, alikwambia kwamba salio linaliwa, hata kama salio linaloliwa ni lako. Kwa njia hiyo hakuna tapeli aliyewahi kuambulia kitu kwake. Hata marehemu mumewe, alipokuwa hoi kitandani, aliwahi kumwomba namba ya siri ili pesa ya dawa itolewe, akajibiwa apone kwanza.

Alikuwa na mtoto mmoja, Mwanahawa, ambaye alikwenda nchi ya mbali kumlea kikongwe wa kitajiri: kumwogesha, kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko na kutukanwa kwa lugha ngeni. Mwanahawa alikuwa akipiga kila alipopata nafasi. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi. Bi Sikudhani alikuwa akiuliza kama mshahara umetoka, akamkataza kununua upuuzi, akamwambia akate kwa kuwa simu inakula. Alimpenda mwanawe huyo kupita kitu chochote duniani, ila jambo hilo hakuona sababu ya kulisema kwenye simu, mahali ambapo kila mtu anasikiliza.

Sasa mkataba wa Mwanahawa ulikuwa unaelekea kwisha. Mama na mwana walikubaliana kwamba kabla ya kupanda ndege atume akiba yake yote kwenye simu ya mama. Asingeweza kuja nayo mkononi, maana kwenye uwanja wa ndege wa Utulivani maofisa walikuwa na desturi ya kuwapunguzia wasafiri uzito wa mizigo yao, kwa hisani tu. Akiba hiyo ndiyo ingefungua saluni ya Mwanahawa pale pale Kisimani, ili asirudi tena kumgeuza kikongwe wa watu.

*

Utapeli uliendelea kwa muda mrefu bila kuisumbua serikali, hadi siku ambayo Waziri mmoja naye alisalimiwa. Mheshimiwa Domokaya alipigiwa na mtu aliyemwulizia hali ya goti lake, akaguswa sana, na kufikia jioni alikuwa amenunua daraja la chuma kwa fedha za umma. Daraja lilikuwapo kweli, ila lilikuwa la nchi nyingine, na magari yalikuwa yakipita juu yake.

Hapo ndipo ilipoanzishwa Wizara ya Tahadhari, na Mheshimiwa Domokaya akateuliwa kuiongoza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na uzoefu. Wizara ilifanya utafiti ikabaini kwamba matapeli wote husalimia vizuri. Basi ili wananchi wasimchanganye ofisa na tapeli, maofisa wa serikali waliagizwa wasisalimie, wasitabasamu, na wasipokee simu. Agizo hili lilitekelezwa kwa wepesi kuliko agizo lolote katika historia ya Utulivani. Walioshuhudia wanasema ofisi nyingi zilionekana kama zilikuwa zimeshaanza kulitekeleza kabla halijatoka.

Agizo la pili lilihusu namba za siri. Mheshimiwa alilitangaza redioni kwa ile sauti yake nzito ya mtu aliyekula akashiba.

"Ndugu wananchi," alisema, "siri ya mtu mmoja inaibiwa kirahisi kwa sababu inalindwa na mtu mmoja. Siri inayojulikana na watu elfu, inalindwa na watu elfu. Ni mwizi gani atakayethubutu kuiba kitu kinachotazamwa na taifa zima?"

Maprofesa walipiga makofi. Ikaamriwa kila mtaa ukutane kwenye uwanja wake wa mpira, na kila mwenye simu apande jukwaani, ashike kipaza sauti, ataje jina lake, namba yake ya simu na namba yake ya siri. Umati uirudie kwa pamoja ili ithibitike imesikika, kisha uitikie, "Tumeilinda." Asiyefanya hivyo laini yake ingefungwa kwa usalama wake mwenyewe.

*

Bi Sikudhani alikataa. Mtendaji wa mtaa alikuja mlangoni mara ya kwanza akafukuzwa. Akaja mara ya pili akiwa na mgambo, naye mgambo akafukuzwa. Mara ya tatu mtendaji hakubishana. Alisimama mbali kidogo akasoma tarehe ambayo laini zisizolindwa zingefungwa, nayo ilikuwa kabla ya mkataba wa Mwanahawa kwisha.

Bi Sikudhani alikaa chini palepale kizingitini. Laini ikifungwa, mwanawe angetuma wapi? Angepiga wapi? Alihesabu hasara upande huu na upande ule, akaona serikali imemshika pabaya. Akajifunga kitambaa kichwani akaenda uwanjani huku akitukana njia nzima.

Uwanja ulikuwa umejaa. Watu wa Kisimani walikuwa wamevaa nguo za sikukuu, na wauza karanga walikuwa wakipita katikati. Mmoja baada ya mwingine walipanda wakataja siri zao, umati ukazirudia na kuitikia. Wengine walitaja kwa madaha, wakiona kwamba hawajawahi kusikilizwa na watu wengi kiasi kile. Ilipofika zamu yake, Bi Sikudhani alisogeza mdomo kwenye kipaza sauti akanong'ona. Fundi mitambo, kijana mwenye kujali kazi yake, akaongeza sauti. Ule mnong'ono wake ukatoka kwenye maspika makubwa ukavuma hadi mtaa wa pili.

"Moja, nane, nane, tano," umati uliimba. "Tumeilinda."

Alishuka kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Jirani yake, Bi Arafa, mama mwenye huruma na asiyejua kunyamaza, alimpokea akamwambia asijali, kwamba hata yeye ametaja yake na sasa anajisikia mwepesi. Njiani kurudi walikutana na watoto wakiruka kamba. Walikuwa wakiruka kwa wimbo wa moja, nane, nane, tano.

*

Siku chache baadaye simu yake ilikufa. Haikuzimika, ilikuwa inawaka vizuri kabisa, ila haikuwa na mtandao, na hata ukiizungusha huku na huko pale kizingitini haikupata kitu. Alikwenda kwa Bi Arafa, akaazima simu, akajipigia namba yake mwenyewe ili aone.

Ikapokelewa mara moja.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya mwanamume, laini kama samli. "Umeamkaje? Vipi mgongo? Watu wa hapo nyumbani wazima?"

Bi Sikudhani aliuliza ni nani. Sauti ilijibu kwamba ni kijana wake tu, jina halina maana, na kwamba alikuwapo uwanjani siku ile na alimwonea huruma sana alipokuwa akinong'ona. Alisema laini ipo salama kabisa mikononi mwake. Bi Sikudhani alimporomoshea matusi hata Bi Arafa akalazimika kufunga dirisha. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamwambia pole, kisha akaongeza jambo jingine.

"Halafu mama, Mwanahawa anakusalimu. Nimemwambia sauti imekukauka kwa mafua, tunaandikiana tu. Mtoto ana moyo mzuri yule. Nimemtahadharisha pia kuna wezi watampigia kwa namba ngeni wakijifanya ni wewe, asipokee."

Na kweli, Bi Sikudhani alimpigia mwanawe kwa simu ya Bi Arafa mpaka salio likaisha, na simu iliita bila kupokelewa. Mwanahawa alikuwa mtoto msikivu. Alikuwa amelelewa na mama asiyeamini namba ngeni.

Kitu kilichomuudhi zaidi ni kwamba biashara yake ilinyooka. Maharusi walioipiga ile namba ya mlangoni walijibiwa vizuri, wakapangiwa siku, wakaulizwa wanapenda maua gani mkononi na kama mama mkwe naye atapakwa. Walifika kwa wakati wakiwa wamefurahi. Mmoja alimwambia Bi Sikudhani kwamba siku hizi amekuwa na lugha nzuri kwenye simu, akamwomba aendelee hivyohivyo. Bi Sikudhani alimpaka hina kwa hasira hata lile ua likatoka limepinda.

*

Wizara ya Tahadhari ilikuwa kwenye jengo la vioo lenye milango mingi, na mlango uliokuwa ukifunguka ulikuwa mmoja tu. Bi Sikudhani alipanga foleni iliyoanzia barabarani. Watu wa mbele yake walikuwa wameibiwa, na wa nyuma yake walikuwa wakiibiwa palepale kwenye foleni, kwa njia ya simu, huku wakijibu habari za nyumbani.

Kwa muda wote aliokuwa akisubiri alijisemea kwamba leo atajizuia. Atakuwa mpole. Ana shida, na mwenye shida hujishusha. Basi alipofika mbele ya Ofisa Mpelumbe, msimamizi wa dawati la wahanga, alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi. Alitabasamu, akasema, "Habari za asubuhi, mwanangu? Umeamkaje? Poleni na kazi."

Ofisa Mpelumbe alibonyeza kengele chini ya meza. Askari wakaja wakamtoa nje, kwa kuwa dalili zote za utapeli zilikuwa zimetimia. Alipanga foleni upya tangu barabarani, na safari hii alipofika alipiga kofi juu ya meza akasema, "Laini yangu imeibwa. Nirudishieni." Hapo Ofisa Mpelumbe alimwangalia kwa heshima, akamwambia aketi.

Alieleza yote. Ofisa alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua, akabofya kompyuta yake, akasema jambo hilo ni dogo mno. Kwa usalama, Wizara ingetuma tarakimu za uthibitisho kwenye simu ya mlalamikaji. Mlalamikaji azisome kwa sauti, na laini ingerudi kabla hajanyanyuka kitini.

"Zimeshakwenda," alisema. "Zisome."

"Zimekwenda wapi?"

"Kwenye laini yako."

"Laini yangu imeibwa. Ndiyo maana nipo hapa."

"Hilo nimelielewa, mama. Ndiyo maana tumetuma tarakimu, tujue kama kweli ni yako. Zisome."

Walizunguka hapo kwa muda mrefu. Bi Sikudhani aliuliza mwizi akizipata tarakimu hizo atafanya nini nazo. Ofisa Mpelumbe alisema atazisoma, na hapo Wizara itajua laini ipo kwa mwenyewe. Aliuliza kama kuna njia nyingine. Ipo, alijibiwa: apigiwe yule aliye na laini, aombwe kistaarabu. Ofisa alijitolea kutumia simu ya ofisi, ambayo tangu iwekwe pale ilikuwa haijawahi kutumika kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuipokea.

Mwizi alipokea mara moja. Alimsalimu ofisa kwa cheo chake chote, akamwulizia mzigo wa kazi. Alipoombwa tarakimu, alisema kwa masikitiko kwamba asingeweza kuzitaja, kwa kuwa Wizara yenyewe imewafundisha wananchi wasimpe mtu yeyote tarakimu zao, hata ajitambulishe kuwa ni serikali.

Ofisa Mpelumbe alikata simu taratibu. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Umesikia?" alimwambia Bi Sikudhani. "Huyo ndiye raia tunayemtaka. Nyie wengine mnatuangusha."

Akaandika namba ile pembeni kwa kalamu nyekundu, akaita anayefuata. Bi Sikudhani alisimama kwenye ngazi za lile jengo la vioo akataka kulia, akakumbuka tangazo la mlangoni kwamba chumba cha kulilia kipo ghorofa ya juu na kinahitaji tarakimu za uthibitisho, akaenda zake nyumbani.

*

Wiki zile zilipita vibaya. Bi Arafa alikuwa akimletea uji, nao haukushuka. Alimjua mwanawe: angetuma. Kila alipoona mtu kapita na simu sikioni alifikiri kwamba pengine sasa hivi, dakika hii, Mwanahawa anabofya namba ile ile aliyoandika yeye mwenyewe mlangoni kwa rangi nyekundu. Alichukua kisu akaanza kuikwangua, akaacha katikati. Ilikuwa bado ni namba yake.

Huko Wizarani hali ilikuwa ya furaha. Tangu mpango wa uwanjani uanze hakuna hata tukio moja la utapeli lililosajiliwa, kwa kuwa ili lisajiliwe lilihitaji kuthibitishwa kwenye laini iliyoibwa. Mheshimiwa Domokaya alitangaza kwamba Utulivani imeushinda utapeli. Akaamuru sherehe ifanyike kwenye uwanja wa Kisimani, na atolewe zawadi mwananchi mwangalifu kuliko wote nchini.

Bi Sikudhani alikwenda kwa sababu Bi Arafa alimvuta. Palikuwa na matarumbeta, viti vilivyofunikwa vitambaa, na ngao ya shaba kubwa kama meza ya kulia chakula. Mheshimiwa alihutubia hadi jua likamhurumia likaingia kwenye wingu. Alisema zamani mwizi alikuwa akiiba gizani, lakini serikali yake imewasha taa. Alisema wananchi wasiwe na wasiwasi wa kupoteza siri zao, kwa kuwa sasa hawana. Kisha akafungua bahasha akataja namba ya simu ya mshindi.

Umati uligeuka wote kumtazama Bi Sikudhani. Namba ile waliijua. Ilikuwa mlangoni kwake.

Hakuna aliyepanda jukwaani. Msaidizi alikimbia kumnong'oneza Mheshimiwa kwamba mshindi ametuma ujumbe: anasalimu sana, anaomba radhi, amebanwa na kazi, na zawadi atumiwe kwenye simu. Wapiga picha walikuwa wameshapanda juu ya viti. Mheshimiwa alibaki ameshika ngao nzito, jasho likimtoka, hana wa kumkabidhi.

"Namba ni yangu," alisema Bi Sikudhani. Alikuwa ameshafika mbele bila kujua amefikaje.

Ofisa Mpelumbe, aliyekuwa amekaa safu ya pili, alisimama akasema kwamba huyo mama anajulikana, hana uthibitisho. Mheshimiwa alimwuliza Bi Sikudhani atathibitishaje. Naye aligeuka akautazama umati, na umati, ambao ulikuwa umelelewa vizuri, ukajua wajibu wake.

"Moja, nane, nane, tano," waliimba watu wa Kisimani, wakubwa kwa wadogo, na wale watoto wa kamba wakaruka hewani. "Tumeilinda."

Mheshimiwa Domokaya alichanua uso. Hakuwa amewahi kuona mpango wa serikali ukifanya kazi mbele ya macho yake. Alimwamuru Ofisa Mpelumbe airudishe laini ile palepale, kwa kuwa picha inahitaji mshindi mwenye simu mkononi. Ofisa akatoa simu yake mfukoni, akaongea maneno mawili, na simu ya Bi Sikudhani ikatoa mlio wa mtandao ndani ya kifua cha gauni lake. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Bi Sikudhani aliiangalia simu, akamwangalia Ofisa Mpelumbe. Ilikuwa inawezekana hivi? Muda wote ule, foleni yote ile, uji wote uliolala, ilikuwa ni maneno mawili? Alihisi kitu kikimpanda kifuani. Alipewa kipaza sauti aishukuru Wizara. Alikishika, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakupata tusi la kutosha. Walichukulia kwamba ni furaha, wakapiga makofi.

*

Nyumbani aliiweka ile ngao ukutani ikiwa imegeuzwa, akajifungia ndani. Kwenye laini hapakuwa na pesa, na hakujua kama zimekuja zikaondoka au hazikuja. Jina la Mwanahawa lilikuwapo. Katika siku zile zote alikuwa amejiahidi kwamba akiipata laini yake hatamfokea mtoto. Ataongea naye kama watu wanavyoongea na watoto wao.

Simu iliita sana ndipo ikapokelewa.

"Mwanangu," alisema Bi Sikudhani, kwa sauti ambayo mwenyewe hakuitambua. "Hujambo, kipenzi changu? Umekula?"

"Nyie watu hamchoki?" alisema Mwanahawa. "Leo mmepata na mwanamke wa kuigiza sauti." Akakata.

Bi Sikudhani alipiga tena. Ikakatwa. Akapiga tena, na ilipofunguka tu, kabla mtoto hajatia neno, kile kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu uwanjani kilipasuka. Alimwuliza amejifunza wapi kumkatia mtu mzima simu. Alimwuliza kama huko aliko anadhani vocha zinaokotwa. Alimwambia wewe Mwanahawa mtoto wa Sikudhani, ukinikatia tena nitakuja hukohuko nikuchape mbele ya kikongwe wako, mjinga mkubwa wee, unatia watu presha, sema upesi kama ile hela umetuma au hujatuma, simu inakula.

Akasikia pumzi ikivutwa, ya mtu anayejizuia kulia.

"Shikamoo mama," alisema Mwanahawa.

"Hela."

"Sijatuma mama. Ninayo yote. Nilijua si wewe."

Bi Sikudhani aliegemea ukuta akateleza taratibu hadi chini, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha akauliza alijuaje, kwa kuwa kila mtu mwingine alidanganyika, Wizara nzima ilidanganyika, na namba ilikuwa ni ileile.

"Alikuwa anaandika kila siku," alisema Mwanahawa. "Ananiuliza nimelalaje. Ananiambia pole na kazi. Siku za kwanza nilifurahi mama, sikufichi, nikasema labda ni kwa vile narudi. Nikaanza kukaa na simu nikisubiri aandike. Halafu siku moja akaniuliza kama nimekula. Nikajua huyu ni mwizi."

Nje, watoto walikuwa bado wanaruka kamba kwa namba yake. Bi Sikudhani alishika simu kwa mikono miwili. Huko aliko mwanawe ilikuwa saa ya chakula cha usiku, na alitamani sana kujua kama amekula, na amekula nini, na nani alimpikia. Akafungua mdomo kuuliza, akaogopa asije akakatiwa.

"Haya," alisema. "Kata, simu inakula."